Mgonjwa Kwanza, Shauri Baadaye

Yako maneno ambayo wauguzi wa vyumba vya dharura wameyasikia mpaka yamewachosha masikio: "Ameanguka tu, nesi." Kijana ameletwa usiku kwa bajaji, amelegea kama nguo iliyolowa, na wenzake waliomshusha wanatazama chini. Hakuna asemaye amekula nini, amevuta nini, wala tangu saa ngapi. Muuguzi anapogeuka kuvuta machela, wale wenzake wamekwisha kutoweka gizani. Si kwamba hawampendi. Kama wasingalimpenda wasingalimleta. Wanaogopa. Walikuwa naye walipovuta bangi, na wanajua kwamba bangi ni kosa mbele ya sheria.

Leo twataka kusema juu ya woga huo, kwa sababu twaamini kwamba unaweza kuwaua watu ambao bangi yenyewe isingewaua.

Kwanza tuondoe shaka. Ukurasa huu hauitetei bangi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 yakataza kuilima, kuwa nayo, kuiuza na kuitumia, na sisi hatuombi ifutwe. Twajua kwamba mahali pengine mambo yamebadilika: Kanada iliihalalisha mwaka 2018, na mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima asihesabiwe mkosaji kwa kuitumia faraghani mwake. Wenye kutaka kujadili hayo wayajadili mahali pake. Swali letu ni jingine, tena ni la haraka zaidi. Mtu akiisha kuitumia, iwe kwa haki au kwa kosa, naye sasa amelala mbele yetu hana fahamu, nani atamwokoa, kwa vifaa gani, na kwa habari gani?

Watu wengi hujibu swali hilo kwa dharau. Husema, "Bangi haiui, mwacheni alale, asubuhi ataamka." Neno hili lina kweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana ni la hatari. Ni kweli kwamba mtu mzima mwenye afya akivuta bangi peke yake ni nadra sana kufa kwa sumu yake. Lakini ni kweli pia kwamba moyo wake huenda mbio, shinikizo la damu huweza kushuka asimamapo akaanguka na kupasuka kichwa, na hofu humwingia hata akaona kila amsogeleaye ni adui. Mwenye maradhi ya moyo huweza kupatwa na shambulio. Mwingine hupotewa na akili kwa muda, akakimbilia barabarani mbele ya magari. Wala hakuna dawa ya kuchoma sindano ikaiondoa bangi mwilini. Kazi ya mwokoaji ni kumlinda mgonjwa, kuangalia pumzi na moyo wake, na kumtuliza mpaka nguvu ya kilevi ipungue. Kazi hiyo yahitaji saa nyingi na mtu wa kukaa naye, na watu ndio hospitali zetu zilivyopungukiwa navyo zaidi ya dawa.

Tena bangi ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Marekani, ambako mimea iliyokamatwa imepimwa kwa miaka mingi, kiasi cha THC, yaani kemikali ileweshayo, kilikuwa kama asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2014 kilikuwa kama asilimia 12. Aina kali iitwayo skanka imekwisha kuingia kwetu pia. Mtu avutaye skanka kwa kipimo cha bangi ya zamani ni kama mtu anywaye gongo kwa kata ya togwa.

Iko na bangi isiyovutwa bali huliwa. Biskuti, keki na pipi zilizotiwa bangi zimekwisha kukamatwa katika nchi zetu. Hapa yafaa kila mfanyakazi na kila mzazi aelewe jambo moja. Moshi wa bangi hupanda kichwani kwa dakika chache, kwa hiyo mvutaji huweza kujua lini amefika kikomo chake. Biskuti haifanyi hivyo. Huenda tumboni, hukaa nusu saa, saa moja, hata saa mbili na zaidi kabla ya kuonyesha nguvu yake. Kisha nguvu hiyo hudumu kwa saa nyingi. Kijana hula moja, akaona hakuna kitu, akala ya pili, na ya tatu. Zote zikaja kumwangukia kwa pamoja, naye yuko kazini juu ya ngazi, au ameshika usukani wa pikipiki yenye abiria.

Lakini atakayeumia zaidi ni mtoto. Mtoto hajui bangi, ajua biskuti. Mwili wake ni mdogo, na kiasi kinachomchekesha mtu mzima humlaza yeye bila fahamu, humpunguzia pumzi, na pengine humtia degedege. Katika Marekani, ambako majimbo mengi yamehalalisha biashara hiyo, vituo vya ushauri wa sumu viliandikiwa watoto 207 wa chini ya miaka sita waliokula vyakula vyenye bangi mwaka 2017. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Karibu wote walivipata nyumbani. Zaidi ya mmoja katika kila watano katika miaka hiyo ilibidi alazwe hospitali.

Msomaji asiseme kwamba hayo ni ya Marekani. Afikiri tofauti iliyopo. Kule mzazi ameshika simu akasema wazi, "Mwanangu amekula pipi yangu ya bangi," na daktari akajua la kufanya tangu dakika ya kwanza. Kwetu mzazi huyo atasema mtoto ana homa. Daktari naye, akifanya kazi yake kwa uaminifu, ataanza kutafuta malaria ya ubongo. Atachoma sindano ya uti wa mgongo kutafuta homa ya uti. Atamtuma mtoto mbali kwenda kupigwa picha ya kichwa. Atatoa dawa zisizohitajika. Mtoto atateswa kwa vipimo, fedha za nyumba zitakwisha, na wakati wote huo jibu liko kinywani mwa baba aliyesimama pale mlangoni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mfichaji ni mmoja, na wa kuumbuliwa ni mwingine asiye na kosa.

Twaja sasa kwenye hatari ya pili, nayo ni bangi isiyo bangi. Katika miji ya pwani yetu, toka Mombasa hata Dar es Salaam na Unguja, watumiaji wanaijua kokteli: msokoto wa bangi uliochanganywa na heroini. Mwenzake akiulizwa atasema kwa moyo mweupe, "Alivuta bangi." Muuguzi akiamini neno hilo ataketi kungoja usingizi uishe, kumbe heroini inamzimia mgonjwa pumzi. Kwa heroini dawa ipo, nayo ni naloksoni, ambayo huweza kumrudishia mtu pumzi katika dakika chache. Kwa bangi naloksoni haifanyi kitu. Kati ya kupona na kufa pamesimama habari moja tu, ya kujua msokoto ule ulikuwa na nini.

Huko Afrika Magharibi jambo hili limekwisha kuwa msiba wa taifa. Mwezi wa Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya kilevi kiitwacho kush. Kwa macho, kush ni majani makavu ya kuvuta, na wengi walidhani ni namna ya bangi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba ndani yake mna kemikali za viwandani: nyingine za kuiga bangi, na nyingine za jamii ya nitazini, ambazo ni ndugu wa heroini na baadhi yake ni kali kuliko heroini yenyewe. Mwaka 2018, katika jimbo la Illinois huko Marekani, watu zaidi ya 150 walifika hospitali wakitokwa damu puani, kwenye fizi na katika mkojo baada ya kuvuta bangi ya kutengenezwa, na baadhi yao walikufa. Ilionekana kwamba ndani yake mlikuwa na sumu ya panya. Walihitaji vitamini K kwa wingi, kwa miezi mingi. Nani angaliwaza kumpa mvuta bangi dawa ya kugandisha damu, kama madaktari wasingaliuliza na wagonjwa wasingalijibu?

Mfanyabiashara wa vilevi hana karatasi ya kueleza kilichomo. Kwa hiyo mwokoaji hana budi kutibu kile akionacho, siyo kile akisikiacho peke yake. Atazame mboni za macho: zikiwa ndogo kama kichwa cha pini na pumzi zikawa chache, asiseme ni bangi tu. Lakini ili aone hivyo ni lazima awe amefundishwa, na ili atibu ni lazima ile naloksoni iwe ndani ya gari la wagonjwa, siyo katika ghala la mkoa.

Hatari ya tatu ni kinyume cha ile ya pili, nasi twaiona kuwa aibu yetu wote. Ni ule mhuri tunaompiga mtu kipajini: "Huyo ni mvuta bangi." Ukiisha kupigwa mhuri huo, hakuna ugonjwa mwingine utakaoonekana kwako. Dereva wa lori mwenye kisukari akishukiwa na sukari huyumba, hutoka jasho, hutukana watu asiowajua. Mwenye malaria ya ubongo huweweseka. Aliyegonga kichwa jana katika ajali ya bodaboda, na damu ikavujia ndani ya fuvu, huanza leo kuchanganyikiwa na kusinzia. Wote watatu, wakiwa vijana, nguo zao zikiwa chafu na macho yao mekundu, watawekwa pembeni kwa maneno yaleyale: "Mwacheni, bangi imempanda." Mmoja wao alihitaji sukari tu, kazi ya dakika tano.

Wala kipimo cha mkojo kisitudanganye. Bangi huacha alama mwilini kwa siku nyingi, na kwa mtumiaji wa kila siku huweza kuonekana kwa majuma. Kipimo kikisema ndiyo, kimesema kwamba mtu huyu aliwahi kuitumia. Hakikusema kwamba ugonjwa wa leo umetokana nayo. Mvuta bangi naye huugua malaria. Mvuta bangi naye hugongwa na gari.

Na wako wengine ambao bangi ndiyo iliyowaumiza, lakini hutibiwa kila kitu isipokuwa hicho. Mwaka 2004 madaktari wa Australia waliandika habari za watumiaji wa muda mrefu waliokuwa wakitapika mfululizo kwa siku nyingi, tumbo likiwasokota, wasipate nafuu ila waingiapo katika maji ya moto. Walipoacha bangi, matapishi yalikoma, walipoirudia, yakarudi. Mgonjwa wa namna hiyo kwetu atapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya vidonda vya tumbo, na mwishowe ataambiwa amerogwa. Maji yakimwishia mwilini, figo zake huweza kushindwa kazi. Swali moja lililoulizwa kwa upole, "Je, wavuta? Na ukioga maji ya moto wapata nafuu?" lingeokoa miezi ya mateso na fedha za ukoo mzima.

Sasa tumtazame huyo tunayemtaka afanye yote haya. Mwokoaji naye ni mfanyakazi. Ni muuguzi mmoja wa zamu, na dereva mmoja wa gari la wagonjwa ambaye pengine hakufundishwa ila kuendesha. Anafika mahali usiku, taa hakuna, watu wamezunguka na kila mmoja anapiga kelele lake. Mgonjwa amefungwa kamba mikono na miguu, amelazwa kifudifudi, na vijana wawili wenye nguvu wamemkalia mgongoni ili asiwapige. Wanadhani wanasaidia. Hawajui kwamba mtu aliyelazwa hivyo, moyo wake ukienda mbio na kifua chake kikiwa kimebanwa, huweza kufa katika mikono yao kwa kukosa pumzi. Mwingine amekuja na kopo la maziwa na anamlazimisha anywe, kwa kuwa tumefundishwa tangu utoto kwamba maziwa huua sumu. Kinywani mwa mtu asiye na fahamu maziwa hayaendi tumboni. Huingia katika mapafu.

Muuguzi huyo ana dakika chache za kuwatoa watu, kumgeuza mgonjwa ubavu, kuangalia pumzi, kupima sukari, na kuuliza maswali ambayo hakuna anayetaka kuyajibu. Akimkaribia bila tahadhari atapigwa ngumi. Akimwogopa, mgonjwa atakufa. Na akifika hospitali akakuta askari amekuja kumwuliza habari za mgonjwa kabla daktari hajamgusa, basi kijiji kizima kitajua kesho yake kwamba gari la wagonjwa na gari la polisi ni kitu kimoja. Mara nyingine hawataliita.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Desturi ya kumdai aliyejeruhiwa fomu ya polisi, ile PF3, kabla ya kumhudumia imewapandikizia wananchi imani kwamba njia ya kwenda hospitali hupita kituo cha polisi. Majeruhi wa ajali huona taabu. Mtumiaji wa bangi huona gereza. Kwa hiyo hungoja nyumbani. Wenzake humwagia maji, humpiga makofi, humpa ndimu alambe, na kila saa ipitayo ni saa iliyoibwa kwa daktari.

Tutaulizwa: "Je, mwataka kuwalinda wahalifu?" Hapana. Twataka kulinda uhai, na hayo ni mambo mawili. Yule Msamaria tuliyefundishwa habari zake shuleni hakumwuliza mtu aliyelala kando ya njia ya Yeriko kwamba alikuwa akitoka wapi usiku ule na alibeba nini. Alifunga jeraha zake, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa nyumba ya wageni. Kama palikuwa na shauri la kuulizwa, liliweza kungoja. Mtu aliyepona aweza kuhojiwa, kuonywa na hata kushitakiwa. Maiti haihojiwi, haiongoki, wala haimtaji aliyemwuzia.

Tena nchi yetu imekwisha kuijua njia hii. Mwaka 2011 ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kliniki ya kuwapa dawa ya methadoni watu waliotekwa na heroini. Heroini ni kosa kubwa kuliko bangi. Hata hivyo watu wale walikaribishwa kama wagonjwa, wakafika kila siku mchana kweupe kunywa dawa yao, na kliniki nyingine zikafuata mikoani. Serikali haikuihalalisha heroini kwa kufanya hivyo. Ilisema tu kwamba daktari ana kazi yake na askari ana kazi yake. Kama tumeweza kusema hivyo kwa mtumiaji wa miaka kumi, kwa nini tusiseme kwa kijana wa usiku mmoja, na kwa mtoto aliyeokota biskuti?

Basi twatoa mapendekezo manne, na twawaomba viongozi wayatazame.

La kwanza ni la sheria. Mwaka 2017 Bunge la Kanada lilipitisha sheria ambayo watu huiita ya Msamaria Mwema. Yasema kwamba mtu aliyezidiwa na dawa za kulevya, na yule aliyeita msaada au aliyebaki naye, hawatashitakiwa kwa kosa la kuwa na dawa hizo kwa matumizi yao. Mwuzaji hakusamehewa, wala mwenye kosa jingine. Wakati ule bangi ilikuwa bado ni marufuku Kanada, kwa hiyo asiseme mtu kwamba sheria ya namna hiyo ni ya nchi zilizolegea. Twataka Wabunge wetu wafikirie kifungu kama hicho, kifupi na chepesi kueleweka, kiandikwe ukutani katika kila zahanati: Aliyemleta mgonjwa hakamatwi kwa sababu amemleta.

La pili ni la vyumba vya tiba. Maelezo ya mgonjwa kwa daktari ni siri ya matibabu, nayo ilindwe kwa vitendo. Askari akiwa na shughuli na mgonjwa, angoje nje mpaka daktari aseme kwamba hali ya mtu huyo yaruhusu. Tusingependa askari wetu waone hili kuwa dharau kwao. Wao wenyewe ndio hufika wa kwanza mara nyingi; kwa hiyo wafundishwe kumweka mtu ubavu, kumfungua pingu za mgongoni apoteapo fahamu, na kuita gari la wagonjwa kabla ya kuita gari la mahabusu.

La tatu ni la vifaa na mafunzo. Hatuombi mitambo ya mamilioni. Kila gari la wagonjwa liwe na mtungi wa oksijeni uliojaa, mfuko wa kupulizia pumzi, kipimo cha sukari na sukari ya mshipani, dawa ya kutuliza degedege na ghasia, na naloksoni. Idara ya tiba ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo kikuu chake kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa kazi hiyo. Elimu ipo nchini. Iteremke wilayani mpaka imfikie tabibu wa zahanati na dereva wa gari.

La nne ni la usafiri. Tumekwisha kuona katika mpango wa m-mama, ulioanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, kwamba mama mjamzito aliye mbali na gari la wagonjwa aweza kupiga namba 115 bila malipo, akaletewa dereva wa hapo kijijini ambaye hulipwa kwa simu. Mpango ule ulibuniwa kwa ajili ya mama na mtoto mchanga, nao umeonyesha kwamba umaskini si udhuru. Njia iliyolimwa kwa ajili ya mzazi yaweza kupanuliwa ili apite na mgonjwa mwingine wa ghafula.

Lakini sheria na magari havitoshi pasipo watu. Hapa twasema na wanachama wenzetu na wafanyakazi. Kila tawi lina uwezo wa kumwalika muuguzi wa zahanati ya jirani jioni moja aje afundishe. Kila balozi wa shina anajua kijiwe kiko wapi katika mtaa wake. Aende huko, si kwa kupeleleza, bali kuwaambia vijana kwamba mwenzao akizidiwa wamlete wala wasimkimbie. Vyama vya wafanyakazi bandarini, migodini na mashambani vidai kwamba kila mahali pa kazi pawe na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza, na kwamba mfanyakazi aliyelewa bangi atolewe kwenye mtambo na kupelekwa kwa tabibu kwanza, mambo ya nidhamu yafuate.

Na kwa mtu ye yote atakayekutwa na jambo hili, maelekezo ni machache. Kama mgonjwa ana fahamu na ana hofu, mtoe mahali penye kelele, zungumza naye polepole, mwambie hali hiyo itapita, na usimwache peke yake. Kama hana fahamu, mlaze ubavu, wala usimpe maziwa, maji, ndimu wala cho chote kinywani. Usimfunge kifudifudi, usimkalie. Kama pumzi ni chache, kama ana degedege, kama kifua chamwuma, au kama ni mtoto, usingoje asubuhi. Na ukifika hospitali sema kweli yote: alikula au alivuta, kiasi gani, saa ngapi, pamoja na nini. Ikiwa biskuti au msokoto umebaki, mkabidhi daktari auone.

Tunajua kwamba kusema kweli ni kugumu mahali ambapo kweli huadhibiwa. Ndiyo maana hatuwalaumu wananchi peke yao. Taifa likitaka raia wake waseme kweli mlangoni mwa hospitali, taifa ndilo litangulie kuwapa ahadi kwamba mlango ule ni wa tiba. Ahadi hiyo ikitolewa na kutimizwa, gari la wagonjwa litaitwa mapema, mwokoaji atajua anachokitibu, na vijana wengi wataishi mpaka siku watakapopata akili ya kuiacha bangi. Hilo la kuwaonya na kuwarudi tutaendelea kulifanya, maana hatukuchoka. Lakini wa kuonywa sharti kwanza awe hai.